Wiki tano Sweden bila kumgusa mgonjwa: naenda kujifunza nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi hapa Tanzania. Nimechaguliwa kwenda Sweden kwa wiki tano kuanzia mwanzoni mwa Novemba, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nilifurahi sana mpaka nilipoletewa barua ya hospitali ya huko. Inasema nitakuwa mtazamaji tu, sitachoma sindano wala kutundika dripu. Hapa wodini nimeshazalisha, nimeshashona, dripu natundika usiku kucha. Sasa niende kusimama kwenye kona wiki tano? Wenzangu wanasema naenda kutalii. Mama anasema nikifika nisirudi. Na kuna jambo jingine linanitisha: kaka mmoja aliyetutangulia alikwenda, akarudi haipendi tena kazi yetu, kila siku ni kulalamika. Nijiandae vipi, na nifanye nini ili safari hii iwe na maana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniandikia mwezi wa Aprili na safari ni Novemba, kwa hiyo muda unao, lakini kuna jambo moja lisilosubiri. Acha nianze nalo kabla sijafika kwenye lile linalokuuma.

Wiki hii nenda ukaanze chanjo ya homa ya ini B, kama hukuikamilisha. Inachomwa mara tatu: siku unayoanza, baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita. Hesabu mwenyewe. Ukianza sasa unamaliza Oktoba. Ukianza Agosti utapanda ndege na kadi yenye dozi mbili, na huko utaulizwa ya tatu iko wapi. Uliza pia kuhusu surua, maana wengi wetu tulichanjwa utotoni na kadi zikapotea. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama kinga unayo. Kuhusu kifua kikuu, wewe ulichanjwa BCG ulipozaliwa na unashinda kwenye wodi zenye wagonjwa wanaokohoa, hivyo kile kipimo cha kwenye ngozi kinaweza kuvimba wala huumwi. Beba picha ya kifua iliyopigwa karibuni pamoja na maelezo ya daktari aliyeisoma.

Halafu kuna MRSA, yule bakteria wa ngozi na puani aliyezoea dawa na asiyesikia tena zile za jamii ya methisilini. Nchi za Skandinavia na Uholanzi zinamlinda mlangoni kwa ukali ambao huwezi kuufikiria ukiwa hapa. Mtu yeyote aliyefanya kazi katika hospitali ya nje anapimwa kwanza: kijiti puani, kooni, na penye kidonda kama kipo. Mimi nilipokwenda nikiwa mwanafunzi kama wewe, hakuna aliyenitajia jambo hili. Nilifika nikiwa na sare iliyopigwa pasi, nikapimwa, nikaambiwa nirudi chumbani nikasubiri majibu. Nilikaa siku sita nikitazama theluji dirishani, na wiki zangu zilikuwa nne tu. Nililia, nikidhani wananiona mchafu kwa sababu ninatoka Afrika. Baadaye nilijua kwamba hata muuguzi wao akitoka kufanya kazi hospitali ya nje hupimwa vile vile. Basi waandikie mapema, waulize kama kipimo kinaweza kufanyika siku ile ile unayotua, na ikiwezekana fika siku chache kabla ya ratiba kuanza.

Viza nitaipitia haraka, kwa kuwa ofisi ya chuo itakusaidia. Wiki tano zinaingia ndani ya viza fupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambayo hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Wewe usizikaribie hizo 15, peleka Agosti. Bima ya afya ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Pasipoti iwe hai miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Na hili wengi hawalijui: ada ya kawaida ya viza ni yuro 90, lakini sheria yenyewe inawasamehe wanafunzi wanaosafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo. Hakikisha barua ya chuo na ya wenyeji wako zinasema hivyo waziwazi, kisha uulize kabla hujalipa. Kitu kingine ni kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi. Sweden noti zinakaribia kusahaulika, kuna maduka na mabasi yasiyopokea fedha taslimu kabisa.

Sasa tuje kwenye hiyo kona.

Nakuelewa. Usiku mmoja wa zamu hapa unaweza kuwa wewe na muuguzi mmoja, na wodi nzima iko mikononi mwenu. Mikono yako imeshazoea kazi. Ukiambiwa uifunge nyuma unajiona umeshushwa cheo. Lakini mfikirie mgonjwa wa kule: bibi wa miaka 80 anayejieleza kwa Kiswidi, anakuambia dawa hii ilimdhuru mwaka jana, nawe unaitikia kwa tabasamu kwa sababu hukuelewa. Katazo lile limewekwa kwa ajili yake. Nalo mara nyingi hulegea kidogo. Msimamizi akishakuona ni makini, zipo wodi zitakazokuruhusu kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, kupima presha na joto, yeye akiwa amesimama ubavuni mwako na mgonjwa akiwa amekubali. Usiombe zaidi ya hapo. Omba badala yake saa kadhaa katika chumba cha mazoezi cha chuo chao, kwenye zile sanamu za kufundishia. Huko utachoma na kutundika mpaka uchoke.

Na kuna kitu kinaniuma ambacho sitakificha. Wanafunzi wa Ulaya wanapokuja kwetu, nimeona mara nyingi wakipewa kuzalisha ndani ya wiki ya kwanza, hata neno "sukuma" hawajalijua. Mama aliyelala pale hakuulizwa. Wengine huniambia haki itatendeka siku wanafunzi wetu nao watakapoachiwa sindano huko Ulaya. Mimi nasema haki ni mama wa Kitanzania aulizwe, alindwe, kama yule bibi anavyolindwa. Hiyo barua iliyokukera, natamani siku moja hospitali zetu ziwe na yake yenye maneno yale yale.

Basi utafanya nini kwa macho peke yake? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana. Wengi wakifika huko hutazama mashine. Vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kidole, winchi ya darini inayomnyanyua mgonjwa, pampu za dawa, chumba kimoja mtu mmoja. Nami nilifanya hivyo. Daftari langu la siku za mwanzo limejaa sentensi zinazoanza na "tungekuwa na". Ukirudi na daftari la namna hiyo, umerudi na huzuni, kwa kuwa hakuna hata kimoja unachoweza kukileta. Naamini ndicho kilichompata kaka yenu.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima, aliyebakisha miaka michache kustaafu. Tulikuwa tunakunywa kahawa, akaniuliza, "Kwenu ni kitu gani kinawasumbua kila siku, ambacho hakihitaji daktari?" Nikafikiri, nikamjibu: kukabidhiana zamu. Usiku anamwambia asubuhi nusu ya mambo, nusu nyingine inapotea, kisha saa nne mchana inagundulika kwamba mgonjwa hakupata dawa, na hapo ugomvi unaanza: uliniambia, sikukuambia. Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi acha kuangalia pampu zetu. Kuanzia kesho njoo usimame kwenye makabidhiano."

Nikasimama. Asubuhi, mchana na usiku, mpaka siku ya kuondoka. Lugha sikuielewa, lakini baada ya siku tatu nilianza kuona umbo la mazungumzo. Kila mgonjwa anaelezwa kwa mpangilio ule ule: hali ya sasa, historia kwa ufupi, tathmini ya anayekabidhi, kisha anachopendekeza kifanyike. Wanauita SBAR, herufi za mwanzo za mambo hayo manne kwa Kiingereza. Ulianzia katika jeshi la majini la Marekani, ukaingizwa hospitalini na watu wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la kule kule Marekani, na leo unafundishwa nchi nyingi, pengine hata wewe umeusoma darasani. Kuusoma nilikuwa nimeusoma. Sikuwa nimewahi kuona watu wakiufuata hata wanapokuwa wamechoka. Na niliona jambo dogo ambalo halikuwa kwenye kitabu changu: anayepokea hurudia kwa sauti yale mazito, dozi na saa yake, ndipo anayekabidhi aondoke. Dakika chache tu kwa kila mgonjwa. Nikamwomba yule mama anitafsirie siku moja neno kwa neno, nikaandika yote.

Niliporudi nilikosea. Kila nilipofungua mdomo nilianza na "kule kwa wenzetu". Wiki ya tatu inchaji wangu, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba wodi nzima imechoka kusikia habari za wenzetu, kama nina kitu kinachowezekana hapa nikilete, kama sina ninyamaze. Niliumia, lakini alinisema kama mama. Nikachukua jalada gumu la daftari, nikaandika yale mambo manne ya SBAR kwa kalamu nzito, kwa Kiswahili, nikalifunga kwa uzi kwenye kitoroli cha dawa. Sikutaja Sweden. Tukaanza na wagonjwa mahututi watano tu, maana kwa wodi yenye watu arobaini huwezi kufanya kwa wote. Sikupima kwa takwimu, kwa hiyo sitakudanganya na asilimia. Ila maneno "hukuniambia" yalipungua, na lile jalada lilipochakaa mtu mwingine, si mimi, aliandika jipya.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, kaa na inchaji wa wodi unayoipenda, umuulize anachokerwa nacho kila siku. Chagueni kimoja. Labda vidonda vya mgandamizo kwa wagonjwa wasiojigeuza. Labda dawa zinazochelewa. Labda jinsi ya kumwambia ndugu habari mbaya koridoni, huku watu wanapita. Kwenda na kimoja kutakupa kazi kila asubuhi huko uendako: nani anafanya, saa ngapi, anaandika wapi, nani anahakikisha, ikisahaulika inajulikanaje. Hayo maswali matano yanatosha kwa wiki tano. Ukiona wanamgeuza mgonjwa, usiishie kwenye godoro la hewa. Tafuta karatasi au skrini inayosema ni nani alimgeuza mara ya mwisho. Godoro hutalileta. Ratiba utaileta.

Usiende pia ukidhani wewe ni mkono mtupu. Ukipelekwa wodi ya watoto njiti, utaona baba wa Kiswidi amefungua shati, mtoto amelala kifuani, ngozi kwa ngozi. Mbinu hiyo, inayoitwa kangaruu, haikutoka Ulaya. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipoishiwa na mashine za kutunzia joto, akawaweka watoto vifuani mwa mama zao. Na mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watafiti wa Sweden walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, pasipo kusubiri hali zao zitulie kwanza kama ilivyozoeleka. Vifo katika siku 28 za mwanzo vikashuka kwa robo. Mama zetu na wauguzi wetu wamo ndani ya matokeo hayo ambayo dunia nzima inayasoma. Wakikuuliza huko mnafanyaje kangaruu, waeleze kwa kujiamini, maana hapo wewe ndiye mwenye uzoefu.

Na ukiona utajiri wao ukaanza kuvunjika moyo, soma historia ya wakunga wao. Katikati ya karne ya 18 Sweden ilikuwa nchi maskini ya wakulima, na vifo vya uzazi vilikuwa karibu 900 kwa kila vizazi hai 100,000. Walifundisha wakunga, wakawasambaza vijijini, na mwaka 1829 wakawaruhusu watumie koleo za kuzalishia wenyewe pale daktari alipokuwa mbali. Kufikia mwaka 1900 vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 230, na penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Sisi utafiti wetu wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulitoa 104, kutoka 556 ya mwaka 2015-16. Mtu akikuambia mambo yao hayawezekani kwetu, hizo namba ziwe kichwani mwako.

Nije kwenye tabia za wodini, kwa sababu hapo wanafunzi wetu wazuri kabisa hupata taarifa mbaya bila kujua kosa lao.

Sisi tumelelewa kwamba mdogo haulizi mkubwa mbele za watu. Anasimama nyuma, mikono imeshikana, anasubiri aitwe. Huko msimamizi akikuona hivyo siku nne mfululizo anaandika kwamba huna hamu ya kujifunza. Na wote wanaitana majina ya kwanza, profesa na mfagiaji sawasawa, kila mtu ni "du", yaani "wewe". Zamani haikuwa hivyo, watu waliitana kwa vyeo mpaka ikawa mzigo. Mwaka 1967 Bror Rexed, alipokabidhiwa uongozi wa mamlaka ya tiba ya nchi hiyo, alitangaza kwamba wafanyakazi wote atawaita "du", na jambo hilo likachochea mabadiliko ambayo tayari yalikuwa yanaanza. Huyo Rexed unamfahamu: zile tabaka za Rexed za ugwe mgongo ulizozikariri kwenye anatomia ni zake. Basi muite msimamizi wako kwa jina lake, muulize swali kila siku, na usiogope kwamba umemvunjia heshima. Adabu yako usiitupe. Ukimwamkia mgonjwa mzee kwa kuinama kidogo, ataelewa hata bila lugha.

Koti refu jeupe liache nyumbani, pamoja na saa ya mkononi, pete, bangili na rangi ya kucha. Kanuni yao ya usafi inataka mikono iwe wazi kuanzia kwenye viwiko kushuka chini, na sare utapewa hapo hapo, utaiacha hapo hapo ikafuliwe. Kama unavaa hijabu, waambie mapema. Huvaliwa, ila inabadilishwa kila siku na ncha zake huchomekwa ndani ya sare.

Simu yako ikae kabatini. Nasema kwa uzito wote. Usipige picha wodini, usiweke hata picha ya korido kwenye stetasi, usiwasimulie marafiki habari za mgonjwa hata ukificha jina. Huko kuvunja siri ya mgonjwa ni kosa la jinai. Hata muuguzi mwenye leseni akifungua kwenye kompyuta faili la mgonjwa asiyemhudumia anaweza kushtakiwa, na mfumo unaonyesha nani alifungua na lini. Ukirudi, hili nalo linafaa kulitafakari, kwa jinsi faili za wagonjwa wetu zinavyopita mikononi mwa watu.

Kitu ambacho huenda hukukitarajia: unaweza kukutana na Kiswahili. Sweden ina wakimbizi na wahamiaji wengi kutoka Kongo na Burundi. Nilipokuwa huko alilazwa mama wa Kikongo, na aliposikia nikisema "pole" nusura ashuke kitandani. Alinishika mkono akaniita dada, akaanza kunieleza yote. Moyo wangu ulitaka kumtafsiria hapo hapo. Msimamizi alinizuia, akapiga simu kwa mkalimani aliyesomea kazi hiyo, naye akazungumza kupitia spika. Nilikasirika. Kisha nikamsikia yule mama akiulizwa maswali ya uzazi ambayo hakunitajia mimi, na majibu aliyoyatoa yalibadili matibabu yake. Tena Kiswahili chake na changu havikuwa kimoja. Kuna maneno ya mwili niliyodhani nimeyaelewa kumbe sivyo. Ukikutana na mtu wako wa lugha, msalimie, kaa naye, mchekeshe. Kutafsiri waachie wenyewe, labda wakuombe umweleze chakula kimefika.

Novemba ni giza. Siku zitakuwa zinapungua mbele ya macho yako, na kama utabaki hadi katikati ya Desemba, katika mji kama Stockholm jua litachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Utaingia wodini gizani na kutoka gizani. Mwili usioizoea hali hiyo hupata usingizi mzito na huzuni isiyo na sababu, na wanafunzi huona aibu kuisema. Toka nje mchana hata dakika ishirini, hata kukiwa na baridi. Jaketi zito na viatu usinunue hapa, waombe wenyeji wako wakuazime au wakuelekeze maduka ya mitumba, mazuri na ya bei nafuu. Usibebe nyama wala maziwa kwenye begi, hata kama bibi amekufungia. Forodha ya Ulaya hairuhusu. Nyumbani piga simu kila jioni ukiweza, wakati huo tofauti ya saa ni mbili tu.

Na hiyo hofu ya kurudi na malalamiko ninaiheshimu. Nimewapokea wanafunzi uwanjani wakiwa na sura ile. Wiki ya kwanza ukirudi utaingia wodini, utaona wagonjwa wawili kitanda kimoja, na koo litakubana. Usiione hali hiyo kama kiburi, wala usijilazimishe kuizima. Nenda kwa mtu mmoja unayemwamini, umwambie yote, umalize. Kisha mwezi mzima usitoe ushauri wowote. Fanya kazi, rudisha mikono yako kwenye mwendo wa hapa, ndipo umfuate yule inchaji mliyechagua naye swali, umwonyeshe ulichokiandika. Yeye ndiye atakayejua kipi kinapita na kipi hakipiti. Kaka yenu nadhani hakuwa na mtu wa namna hiyo aliyekuwa akimsubiri. Mtafuteni, mkae naye. Huenda ana mengi mazuri daftarini ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mama yako nampa shikamoo zake. Mweleze kwamba viza ile ina tarehe, na atakayepitiliza anaweza kufungiwa kuingia Ulaya kwa miaka, na chuo chako kinaweza kupoteza nafasi za wadogo zako wote. Mweleze pia kwamba njia ya halali ipo kama siku moja utaitaka: muuguzi aliyesomea nje ya Ulaya anaweza kuomba leseni ya Sweden, vyeti vyake vikapimwa, akafanya mitihani, akajifunza Kiswidi hadi kiwango cha kuhudumia wagonjwa. Ni safari ya miaka, na huanza na shahada ambayo bado hujaimaliza. Mama akilisikia hilo kutoka kwako, kwa utulivu, ataelewa.

Zawadi ya kupeleka wodini nunua kahawa nzuri ya Kilimanjaro au ya Mbinga, iliyokaangwa. Waswidi ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa kahawa duniani, na mara mbili kwa siku wodi nzima hukaa pamoja kuinywa, wanaita fika. Usijitenge saa hiyo ukasome simu. Mimi swali lililobadili kazi yangu niliulizwa pale mezani, kikombe kikiwa mkononi.